Kifutio

Mechi tisa. Midako ishirini na moja.
Mikimbio themanini na saba, na siku yake bora kabisa kumi na tisa,
akiwa wa mwisho uwanjani, mvua ikinyemelea.
Hiyo ndiyo safari nzima ya Murdo Haggart katika kriketi ya daraja la kwanza.
Najua, maana mkono ulioiandika ni huu.

Nilikuwa karani wa alama, miaka ishirini na mbili,
mwanamke pekee katika kibanda cha mbao kilichonuka tumbaku,
penseli tatu zimechongwa, blanketi magotini,
kwa kuwa kiangazi cha Dunedin hakiaminiki:
asubuhi jua, adhuhuri upepo kutoka kwenye barafu
usiojua kupiga hodi.

Yeye alichuchumaa nyuma ya vijiti, kimya.
Kipa mzuri, baba alizoea kusema, ni bawaba ya mlango:
hukumbukwa siku inapolia.
Mpira ulizama katika glavu za Murdo
kama sarafu katika mfuko wa bahili.
Kidole cha kati kilivunjika Wellington, cha mwisho Christchurch,
gumba mara mbili papa hapa nyumbani.
Akavifunga plasta, akachuchumaa tena.

Basi, siku ya pili ya mechi ya tisa.
Pask anarusha. Mpigaji wa Auckland, mwenye mikimbio minne tu,
anagusa. Aligusa, hata mimi kibandani nilisikia.
Murdo anaruka kushoto, anabiringika, anainuka na mpira.
Mwamuzi kidole juu.
Wenzake wanamkimbilia.
Nami nikaandika: amedakwa na Haggart, mpira wa Pask, nne.

Ndipo nikamwona anatikisa kichwa.
Anamwendea mwamuzi, glavu moja amevua,
anaonyesha nyasi, anaonyesha kiganja, anaonyesha nyasi tena.
Mpira uliwahi ardhi, alisema.
Hakuna aliyeona. Jua lilikuwa upande wake,
mwamuzi upande wake,
watu mia tatu na mbwa mmoja upande wake.

Mpigaji akarudi. Akafika mia moja na kumi na mbili.
Tukashindwa.

Chumbani, nimesimuliwa, hakuna aliyegomba.
Pask alimrushia taulo, akasema, "Kanisa liko mtaa wa pili."
Ulimi umemponza, alisema mwenyekiti wa wateuzi
huku akipaka jemu kwenye mkate,
na msimu uliofuata akaja kijana wa Invercargill,
mwepesi, mwenye meno mazuri.

Murdo akaingia ghala la manyoya ya kondoo, miaka thelathini na minne,
akipanga madaraja kwa kugusa: ya fulana, ya blanketi, ya zulia.
Vidole vilivyokataa kunyooka
vilijua ambacho jicho halijui.
Robota likiwa na lebo ya uongo alilirudisha,
bosi anune asinune.

Kila Februari huniletea mfuko wa plamu.
Tunazungumzia magoti, bei ya kuni,
Isla mkewe, alivyokuwa akicheka kabla ya kumaliza hadithi.
Mechi ya tisa haitajwi.
Mara moja tu, akifunga kamba za viatu mlangoni pangu,
aliniuliza kama bado nina kitabu.
Nikasema ninacho. Akamaliza kufunga, akaenda zake.

Juzi watu wa makumbusho walikuja na masanduku.
Niliwapa vitabu vyote, kasoro kimoja,
nikawaambia panya.
Ukiuinua ukurasa ule dirishani,
chini ya mia moja na kumi na mbili utaiona nne,
na jina lake, nililolifuta kwa haraka na hasira
hadi karatasi ikakonda kama ganda la kitunguu.

Safu ya kuandikia jambo kama lile haimo.
Nimetafuta kushoto kwenda kulia, na pambizoni.
Plamu zimeanza kutoa maji mezani.
Nimechonga penseli tena leo,
nikairudisha koponi.